Mkwe Haangaliwi

Siku Mzee Yakobo alipotupa dawa za mwanawe chooni, mtu mmoja tu alimwona, na mtu huyo hakuruhusiwa kumwona. Alikuwa Atuganile, mke wa mwanawe. Alikuwa amechuchumaa katikati ya migomba, ndoo ya maji ubavuni, kitenge kimemfunika uso mpaka kidevuni, akingoja baba mkwe apite kama alivyongoja tangu alipoolewa. Lakini kitenge kilikuwa kimechakaa kwa kufuliwa, na mwenye macho mazima huona kupitia kitenge kilichochakaa. Akamwona mzee anafika mlangoni mwa choo, anatoa mfukoni kopo jeupe la vidonge, analifungua, anamimina vyote shimoni, halafu na kopo lenyewe analitupia humo humo. Kisha akakohoa, khum, kikohozi chake cha kijeshi cha kuwaonya wakwe wakae mbali, akaenda zake amenyoosha mgongo.

Asiyejua mila ya watu wa Makwale na aambiwe sasa. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke haonani na baba wa mumewe. Hamwangalii, hamsemeshi, hatamki jina lake. Wakikutana njiani mwanamke anaingia vichakani na kujifunika, na mzee naye anageuza uso. Siku hizi mjini Kyela watu wanacheka, baba mkwe na mkwe wanakaa kochi moja wanatazama taarifa ya habari. Lakini nyumbani kwa Mzee Yakobo, askari mstaafu, mila ilishikwa kama gwaride. Atuganile alizaa, alilima, alipika vyakula vya misiba na vya harusi katika mji ule, na hakuwahi kuujua uso wa mwenye mji. Alijua kikohozi chake tu.

Sasa aseme nini? Akisema ameziona dawa zikitupwa, ataulizwa ameonaje. Na mwanamke aliyemtazama baba mkwe akiwa anaelekea chooni, jamani, huyo ataimbwa mpaka Mwaya. Atuganile alibaki kachuchumaa pale mgombani mpaka miguu ikafa ganzi, ana hasira na hakuna mtu wa kumtolea.

Na usifikiri ni mwanamke wa kuogopa watu. Kwao ni Ipyana, kwa wakulima wa mpunga, binti mmoja kati ya kaka wengi, na kaka wote walijua kwamba ukimchokoza Atuganile utarudi nyumbani umeshika sikio. Kwaya ya kanisa walimpanga safu ya nyuma, kwa sababu akiwa na hasira sauti yake iliwafunika wenzake wote. Siku anaolewa shangazi yake alimwita pembeni akamwambia, "Mwanangu, hizo hasira ziache hapa hapa Ipyana. Unakokwenda kuna mkwe." Akaitikia. Shangazi mwenyewe hakuamini.

Mumewe, Wilson, alikuwa mtu wa utani na kelele, mfanyabiashara wa vyungu. Yeye na mdogo wake Enoki walikuwa wakienda Ikombe kwa Wakisi, wananunua vyungu kwa mama wafinyanzi, wanavipakia kwenye mtumbwi na kuvileta upande wa Mwaya kuuza. Siku moja ziwa likachafuka ghafla. Mtumbwi ukajaa maji, vyungu vikaenda chini vyote, wakabaki ndugu wawili na dumu moja tupu la mafuta. Wilson alifika ufukweni na dumu. Enoki hakufika. Na hili ndilo lililomla Wilson: hajui. Hajui kama Enoki aliachia mwenyewe kwa kuchoka, au yeye Wilson, kwa hofu ya maji, alimpiga kumbo.

Baada ya msiba Wilson akaharibika. Chungu kikichemka jikoni anasimama: "Enoki anaita." Atuganile akaacha kupikia vyungu, akahamia sufuria. Sufuria nayo ikachemka, Enoki akaita. Wilson halali, hali, anakaa mlangoni na dumu lile kalikumbatia, na mtu akitaka kumnyang'anya anapigana. Wakasema amerogwa. Wakasema Enoki hakuliliwa vizuri. Wazee wa kanisa wakaja kuomba, wakaomba kweli, Mungu awabariki, lakini Wilson hakulala. Ni Atuganile aliyemshika mkono, akampandisha bajaji, akamfikisha kliniki ya afya ya akili hospitalini. Nesi Gloria, dada mpole mwenye msimamo, akamsikiliza Wilson mpaka mwisho, daktari akamwandikia dawa. Sauti ya Enoki ikaanza kufifia. Wilson akalala.

Lakini akawa kama gogo. Anakaa pale ulipomkalisha. Ukimsemesha anajibu, ukinyamaza ananyamaza. Na hapo ndipo Mzee Yakobo alipoingia.

Haki yake apewe, hata kama hastahili. Yakobo alijifunza karate jeshini, na alipostaafu alianza kuwafundisha vijana wa Makwale katika uwanja wa kuanikia kokoa. Msimu wa kokoa ukiisha, vichanja vinasogezwa pembeni, vijana wanavaa nguo nyeupe zilizoshonwa na fundi wa sokoni, wanapiga kelele mpaka kuku wanakimbia. Alikuwa amezika mtoto mmoja bila mwili, na wa pili anamwona anakufa akiwa amekaa. Asubuhi moja alikuja mpaka nje ya nyumba ya Wilson, akakohoa ili mkwe ajifiche, akaita, "Wilson! Toka."

Atuganile alijibanza nyuma ya jiko la mianzi, akasikiliza. Alitegemea kusikia amri na matusi ya kambini. Alisikia kitu kingine.

"Pumua," mzee alikuwa anasema. "Tena. Mguu wa kulia uko wapi? Uhisi chini. Hapo ni ardhini, hapo si majini. Ukimsikia Enoki, msikie, halafu rudi kwenye mguu."

Kila asubuhi hivyo hivyo. Mwezi wa kwanza Wilson alisogea kama mzee mwenye baridi yabisi. Halafu akaanza kurusha ngumi za kueleweka. Halafu siku moja alirudi nyumbani jasho linamtiririka, akaketi mbele ya sahani ya ndizi, akamwambia mkewe, "Leo mbalaga haina chumvi. Unataka kuniua?" Atuganile akacheka mpaka akalia, maana hilo lilikuwa neno la kwanza la utani tangu ziwa lichafuke. Usiku Wilson akalala bila kushtuka. Atuganile alikaa akimwangalia anavyokoroma, akamshukuru Kyala, Mungu wa kwao, na kwa mara ya kwanza akamshukuru moyoni yule mtu asiye na uso.

Walipokwenda kliniki Gloria alifurahi sana. "Mazoezi yanamsaidia, nayaona. Yaendelee. Na dawa ziendelee, msizikatishe bila daktari kusema. Vyote viwili, mmenisikia?" Wilson alipofika nyumbani akamwambia baba yake. Mzee akasikia neno moja tu, mazoezi. Lile lingine likapita.

Basi likaja lile jambo la kipuuzi, maana mabaya mengi huanzia kwenye upuuzi. Kijana mmoja pale uwanjani, baada ya kupigwa mwereka na Wilson, akatania kwamba Wilson anapigana vile kwa sababu ya vidonge. Wenzake wakacheka. Mzee Yakobo hakucheka. Mwanafunzi wake bora, mwanawe, atembee na kopo la vidonge kama mgonjwa? Akamwita Wilson akamwambia mwili wake umeshapona, akili imeshakaa sawa, na mwanaume wa karate hali vidonge. Wilson mwenyewe akampa kopo. Ndilo lile lililoishia chooni.

Atuganile alifanya alichoweza kufanya mwanamke asiyeruhusiwa kusema. Alikwenda kwa mama mkwe, Mama Jeni, akamkuta anapeta mchele.

"Mama, mwambie baba dawa za Wilson zisiachwe. Nesi amekataza kabisa. Ataumwa tena, na safari hii vibaya."

"Nitamwambia, mwanangu."

"Mwambie hivyo hivyo nilivyosema."

"Nimesema nitamwambia."

Jamani, ujumbe unaopita kwa mtu mwoga hufika umekonda. Mama Jeni alimwogopa mumewe tangu ujana wake. Jioni alimwambia hivi: "Mke wa Wilson anauliza kama umeliona kopo." Na jibu likarudi: "Mwambie apike, aache kutafuta makopo." Atuganile akatuma tena. Safari hii kwa Mama Jeni maneno yakawa, "Mke wa Wilson anakusalimia, anasema Wilson anaendelea vizuri." Aliyajua haya baadaye, na alipoyajua alirusha ungo ukatua juu ya paa la jiko.

Akaenda mwenyewe kliniki akaleta dawa nyingine. Akamwekea Wilson mkononi na kikombe cha maji. Wilson akavirudisha.

"Baba amesema nimepona."

"Baba yako ni daktari?"

"Na wewe ni daktari?"

"Mimi ndiye niliyekuwa nakufunga kamba za viatu, Wilson! Meza!"

"Baba amesema."

Aliwaza kuvisaga na kuvitia kwenye uji. Kisha akawaza siku Wilson atakapogundua; mtu anayesikia wafu hakosi kugundua ladha. Hatakula tena chakula cha mkewe mpaka kufa. Akaviweka vidonge kabatini. Hapo akaelewa jambo moja, na lilimuuma kuliko yote: duniani kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye neno lake lingemmezesha Wilson dawa, na huyo ndiye mtu pekee ambaye yeye hakuweza kumsemesha. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Sawa. Na mkuu asiyeambiwa je? Mguu unaovunjika ni wa nani?

Wilson alianza kwa kuacha kulala. Halafu akaanza kufanya mazoezi peke yake, alfajiri, mchana, juani, kwenye mvua. Mapigo yale yale, kutoka mwanzo mpaka mwisho, halafu mwanzo tena, mpaka nyayo zikachubuka na kuacha damu kwenye udongo. Anaongea huku anapiga. Anacheka peke yake. Na Mzee Yakobo, aliyefundisha vijana maisha yake yote, aliangalia ile damu akaona bidii! Aliwapanga wanafunzi mstari mmoja akawaambia, "Mwangalieni Wilson. Huyo ndiye anayejituma. Nyie mnalala." Atuganile alizisikia sifa hizo akiwa nyuma ya jiko la mianzi, akaung'ata mkono wake mwenyewe ili asipige kelele. Laiti angepiga. Mpaka leo hajisamehei kwamba aliung'ata.

Ikaja ile Alhamisi. Mvua ilikuwa imepita, uwanja umelowa, na vijana walikuwa wanapambana wawili wawili. Wilson alipangwa na Aliko, kijana mwembamba mpole, mfanyakazi wa mashine ya kukoboa mpunga. Aliko akateleza, akaanguka kwenye dimbwi, akainuka maji yanamchuruzika kichwani. Wilson akamwona. Lakini hakumwona Aliko.

"Enoki! Shika! Shika dumu!"

Akamrukia. Akamkumbatia shingo kwa mkono mmoja kama anayemwokoa mtu asizame, akaanza kumburuta, na kadiri Aliko alivyojitahidi kujinasua ndivyo Wilson alivyozidi kukaza. "Safari hii sikuachii! Sikuachii, mdogo wangu!" Aliko akageuka rangi. Ilibidi vijana wote wamvamie, na katika vurugu ile mkono wa Aliko ukavunjika. Wilson alipoona wamemtoa mikononi mwake alilia kilio ambacho waliokuwepo hawapendi kukielezea.

"Mikanda!" Yakobo akaamrisha. Vijana wakavua mikanda yao. Wa kwanza kutumika ulikuwa mweusi, wa mzee mwenyewe. Wakamfunga Wilson kwenye nguzo ya kichanja cha kokoa, mikono nyuma. "Akae hapo mpaka atulie," alisema mzee. "Kisha tutampeleka kwenye maombi. Na mtu asiende kutangaza. Ni ajali ya mazoezi."

Atuganile alikuwa anamenya ndizi Mama Jeni alipotokea anakimbia, kanga imemdondoka. Maneno aliyoyaelewa ni mawili, Wilson na nguzo. Akanyanyuka. Hakujua kwamba kisu bado kiko mkononi. Alipita kabatini akachukua vidonge, akashuka kuelekea uwanjani kwa njia ya katikati, ile anayopita baba mkwe, ambayo hakuwahi kuikanyaga.

Watu walikuwa wamejaa. Mzee alimwona anakuja, akageuza uso haraka, akakohoa. Khum.

Atuganile akaendelea kuja.

Khum! Khum!

"Kohoa," alisema Atuganile. "Kohoa mpaka mapafu yatoke. Leo sijifichi."

Ebo! Yakobo akampa mgongo. Atuganile akazunguka akasimama mbele yake. Mzee akageuka tena. Akazunguka tena. Kijana mmoja akacheka kwa woga, akafinywa na mwenzake. Askari aliyepigana vita, anayevunja tofali kwa kiganja, alikuwa anazungushwa uwanjani na mwanamke mwenye kisu cha ndizi, naye hajui aangalie wapi.

"Yakobo!"

Hapo wanawake walishika vinywa. Jina hilo hakulitamka siku ya harusi wala siku ya msiba. Hata kanisani, lilipotokea kwenye Maandiko, alikuwa akilimumunya.

"Yakobo, nilikuona. Nilikuwa mgombani. Nimekuangalia kupitia kitenge, haya, mnaotaka kuimba imbeni. Umemimina dawa za mume wangu chooni, na kopo ukalitupa. Nimekaa kimya kwa ajili ya heshima. Heshima gani hii? Wewe unamuua mwanao, mimi nimejifunika uso! Mficha maradhi kifo humuumbua, nawe umeyaficha kwa mikanda!"

Mzee, bado mgongo umegeuzwa, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Jeni. Mwambie mke wa Wilson arudi nyumbani."

Watu wakamwangalia Mama Jeni. Yule mama alimwangalia mwanawe kwenye nguzo, mate yanamtoka, macho yanatafuta ziwa mahali pasipo na ziwa.

"Mwambie mwenyewe," alisema. "Yuko hapo nyuma yako. Mimi nimechoka kuwabebea maneno."

Loo. Kama kuna kitu Yakobo hakukitegemea duniani, ni hicho. Mabega yakamshuka.

"Nilitaka awe mzima," alisema, na haikujulikana anamwambia nani.

"Alikuwa anakuwa mzima!" Atuganile alipiga kelele, ile sauti ya safu ya nyuma, na sasa hapakuwa na kwaya ya kuifunika. "Wewe ndiye uliyemwinua! Nilikuwa nyuma ya jiko nakusikia, pumua, mguu chini, nami nalia kwa furaha. Kwa nini haikukutosha? Alikuwa na dawa za hospitali na alikuwa na wewe. Kwa nini ulitaka uwe wewe peke yako? Mimi hanisikii. Nesi hamsikii. Wewe anakusikia. Geuka umwambie!"

Akageuka. Taratibu, kama mtu aliyeamriwa na mkubwa wake. Na Atuganile akauona uso wa baba mkwe wake, waziwazi, mchana kweupe. Macho yalikuwa ya Wilson. Yale yale, marefu, yenye kope zinazoshuka pembeni. Miaka yote hiyo alilala karibu na macho hayo asijue yametoka kwa nani. Hasira karibu imtoke. Karibu tu.

Mzee alimwendea mwanawe, akapiga magoti kwenye tope na nguo zake nyeupe.

"Wilson. Sikiliza. Dawa zako nilizitupa mimi. Hukuwa umepona bado. Hospitali walikwambia kweli, mimi nilikwambia uongo."

Alisema hivyo mbele ya wanafunzi wake wote, na Aliko amekaa pembeni mkono umefungwa kwa shati.

Wilson alichelewa kuelewa. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtoto, "Na karate, Tata? Nayo ni uongo?"

Mzee alikuwa ameshakiri uongo mmoja, na sasa hakujua tena lipi kati ya maneno yake linaweza kusimama.

Atuganile alikuwa na jibu. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi: ndiyo, uongo, uongo mtupu, tukachome hizo nguo leo leo. Alilitaka jibu hilo kwa moyo wote. Angemmaliza mzee yule pale pale alipopiga magoti. Akamwangalia mumewe, akaona jinsi anavyongoja, na akaona kwamba akimnyang'anya na hili, hatabakiwa na kitu cha kushika.

"Si uongo," alisema, na kila neno lilimtoka kwa shida. "Ulilala, Wilson. Ulinitania kuhusu chumvi. Baba yako alikusaidia kweli, mimi nilisikia kwa masikio yangu. Lakini haitoshi peke yake. Unahitaji vyote viwili."

Wilson akamtazama baba yake. "Nimeze?"

"Meza, mwanangu. Halafu twende hospitali. Ni amri."

Atuganile akamtilia vidonge mdomoni, kijana mmoja akamnywesha maji, akameza, mengine yakamwagikia kifuani. Ndipo Atuganile alipokumbuka kisu. Hakuhangaika na mafundo. Aliikata mikanda, wa njano, wa kijani, na ule mweusi wa mwisho ulikuwa mgumu akaukata kwa kuusugua, mzee akiangalia.

Walipanda bajaji moja, Wilson katikati. Kule hospitalini Gloria alipouliza dawa zilikatishwaje, Yakobo alijibu mwenyewe kabla Atuganile hajavuta pumzi. Wilson alilazwa, akatoka, akapumzika, akarudi uwanjani polepole. Si mzima wote. Zipo siku Enoki bado anaita, naye anasimama, anapumua, anamwambia mkewe, "Leo yupo," na Atuganile anaepua sufuria. Mzee alikwenda kwa akina Aliko na ng'ombe, akakaa chini kwenye majani kama mkosaji yeyote. Aliko alirudi mazoezini mkono ulipounga. Mama yake mpaka leo hamsalimii Yakobo, na nani atamlaumu?

Wapo wanaosema Atuganile ameivunja nyumba. Wanasema mwanamke anayetaja jina la mkwe wake huzaa watoto viziwi. Wazee wawili walifika kudai alipe faini ya kuku, akawauliza watalipisha kuku wangapi kwa mtu aliyetupa dawa chooni, wakaaga bila kunywa chai. Hasira haijamwisha, tusidanganyane. Anamkasirikia mzee, anaikasirikia mila, anamkasirikia Mama Jeni na salamu zake za kubuni, na zaidi ya wote anamkasirikia yule mwanamke aliyekaa mgombani na kitenge usoni akanyamaza.

Kila asubuhi kabla ya mazoezi Mzee Yakobo anafika mlangoni kwa Wilson na kikombe cha maji. Anasimama wima mpaka vidonge vimemezwa. Atuganile anasimama upande wa pili, mikono kiunoni, anamwangalia usoni bila kupepesa. Juzi mzee alishusha kikombe, akakohoa kidogo kwa mazoea, akaona aibu, akauliza kwa upole, "Mama, utanisamehe lini?"

Atuganile alimtazama mguuni mpaka kichwani.

"Bado," alisema. "Na leo umechelewa."